Maswali ya Wasomaji: Ombi la Habari Linapofika Masjala

Toleo hili tumelitengea wanaojibu barua za serikali hapa Mombasa: makarani wa masjala, maafisa wa mawasiliano, na washauri wakuu ambao kazi yao ni kusoma ombi la mwananchi, kulitafutia habari na kuandaa barua ambayo mkuu wa ofisi ataitia sahihi. Majibu yanafuata Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 na Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Majina ya waulizaji tumeyahifadhi.

Assalam aleikum. Nimepandishwa cheo katika idara moja ya kaunti na sasa maombi yote ya habari yanapitia kwangu. Niliyempokea hakuacha mwongozo. Ombi likifika nianze wapi, na zile siku 21 za kulijibu zahesabiwa vipi? — Mshauri mpya, Tononoka

Waaleikum salaam, na hongera. Anza na muhuri wa kupokea. Siku ofisi ilipoipokea barua ndiyo inayotazamwa, wala si siku ilipofika mezani kwako. Ikiachwa kwa bawabu Ijumaa jioni nawe ukaiona Jumatano, siku zimeshaanza kuliwa. Kwa hiyo jambo la kwanza la kurekebisha ni lango: bawabu, karani wa mapokezi na anayefungua baruapepe ya idara wajue kwamba karatasi yoyote inayoomba habari inagongwa muhuri saa ileile na kuletwa kwako siku ileile.

Kisha soma ombi kwa swali moja tu: lahusu uhai au uhuru wa mtu? Familia inayomtafuta kijana wao aliyekamatwa, au mgonjwa anayehitaji rekodi za matibabu kabla ya upasuaji, wanastahili jibu ndani ya saa 48. Hizo ni saa, usizigeuze kuwa siku za kazi.

Kama si la dharura, hesabu yenyewe ni hivi. Siku ya kupokea haihesabiwi. Barua iliyopokewa Jumatatu tarehe 4 Mei inaanza kuhesabiwa Jumanne tarehe 5, na siku ya 21 ni Jumatatu tarehe 25. Jumamosi na Jumapili zimo ndani; ila siku ya mwisho ikiangukia sikukuu au siku ambayo ofisi za serikali hazifunguliwi, mwisho unasogea hadi siku ya kazi inayofuata. Sheria hiyohiyo inataja pia siku 15 za kazi za kumwarifu mwombaji kwamba ombi limekubaliwa na gharama ni kiasi gani. Ukizihesabu kutoka tarehe 4 utafika tarehe 25 ileile, mradi hapana sikukuu katikati. Ikiwapo Idi katikati, siku za kazi zinasogea mbele lakini zile 21 hazisogei. Fuata ile inayoisha mapema.

Sasa siku tano za mwanzo, ambazo kwa maoni yetu ndizo zinazobeba kazi nzima. Habari zikiwa ziko ofisi nyingine, una siku tano tangu kupokea kulihamisha ombi, na siku saba kumwambia mwombaji kwamba limehamishwa. Muda usiozidi siku sita hauhesabu Jumapili wala siku zisizo za kazi, kwa hiyo kwa barua yetu ya tarehe 4 siku ya tano ni Jumatatu tarehe 11, siku hiyohiyo ambayo zile saba zinakwisha. Mfano wa kila siku hapa kwetu ni feri ya Likoni. Watu wengi wanaiandikia kaunti, na feri iko chini ya Halmashauri ya Bandari. Kumjibu mtu siku ya 20 kwamba "suala hili si la ofisi yetu" ni kumdhulumu, maana ofisi inayopokea ombi lililohamishwa nayo inafungwa na siku 21 zilezile tangu ombi lilipoandikwa mara ya kwanza. Kila siku uliyoikalia wewe umemnyang'anya mwenzako. Na likiwa nusu lako nusu lao, hamisha nusu, jibu nusu.

Ndani ya siku hizo hizo tano, mpigie simu mwombaji. "Nyaraka zote za barabara za Kisauni" ni ombi la kabati zima. Muulize ni barabara gani, mwaka gani wa fedha, na anataka mkataba, hati ya malipo au ripoti ya ukaguzi. Mara nyingi utakuta anataka karatasi sita. Mnayokubaliana yaandike siku ileile na umtumie, kwa sababu kikao cha simu hakina folio, yaani nambari ya ukurasa ndani ya faili. Wala usiichukulie simu hiyo kuwa imesimamisha hesabu. Endelea kutafuta huku ukingoja.

Ukishajua kinachotakiwa, peleka dokezo kwa idara inayokishika. Dokezo la "tafadhali leteni habari kuhusu barabara" hurudi tupu. Taja aina ya karatasi, kipindi, faili unazodhani zimo, na tarehe. Waombe pia wakuandikie walitafuta wapi: masjala ya wazi, masjala ya siri, kompyuta ya nani, stoo ipi. Orodha hiyo utaihitaji kama hawakupata kitu, kwa sababu "hakuna rekodi" bila kusema ulitafuta wapi haimridhishi mwombaji wala Tume ya Haki ya Utawala.

Tungegawa siku hivi. Karatasi zote ziwe mezani kwako kufikia siku ya 10. Siku ya 14 uwe umezisoma zote, umeshauriana na wakili wa kaunti pale panapohitajika na umeziba kinachopaswa kuzibwa. Siku ya 16 rasimu iende kwa mtia sahihi. Tarehe ya B.U., yaani siku ya kuletewa faili tena mezani, iwe siku ya 7 na siku ya 12, usingoje ya 20. Kinachoharibu kazi hii mara nyingi si utafutaji, ni faili lililokaa siku sita kwa mkubwa aliyesafiri. Sheria inamfanya mkuu wa taasisi kuwa ndiye afisa wa kutoa habari, naye anaweza kukaimisha. Omba barua ya kukaimishwa iliyo na sahihi yake, na uitaje nambari yake katika kila jibu.

Nyongeza ipo, mara moja tu, isiyozidi siku 14, na sababu zake ni chache: habari ni nyingi mno kiasi cha kuvuruga kazi nyingine, au kuna watu ambao lazima uwaulize kwanza. "Afisa yuko likizo" si sababu. Barua ya nyongeza itoke kabla ya siku ya 21 na itaje tarehe mpya. Ukinyamaza siku zikapita, sheria inahesabu umekataa.

Ofisini kwetu kuna fomu. Mzee mmoja wa Jomvu kaleta karatasi ya daftari, kwa Kiswahili, na hakusema anataka habari za nini. Karani karudisha. Je, alikosea? — Karani mwenzake

Alikosea mara tatu. Ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza. Halikataliwi kwa sababu tu halikuja kwenye fomu. Na sababu ya mtu kutaka habari, au unavyodhani wewe kuhusu sababu yake, haipunguzi haki yake. Unachoweza kuthibitisha ni kwamba yeye ni raia, na kampuni inayodhibitiwa na raia wa Kenya inahesabiwa kuwa raia pia. Kuwasilisha ombi hakulipiwi. Kinacholipiwa ni gharama halisi ya kunakili na kupeleka, na akishalipa una siku mbili za kazi kumpa.

Tena, asiyeweza kuandika au mwenye ulemavu anasaidiwa: anasema, wewe unaandika, unamsomea, unampa nakala. Afisa anayekataa kwa makusudi kupokea ombi anatenda kosa la jinai. Mtafuteni mzee huyo, na tarehe ya muhuri iwe ile aliyofika mara ya kwanza.

Mkubwa wangu amegonga SIRI kwenye faili la mkataba wa ujenzi na kuniambia niandike kwamba "habari ni za siri". Niandikeje? — Afisa, Mvita

Muhuri wa SIRI unaonyesha jinsi faili linavyohifadhiwa ofisini. Hauwezi kuwa sababu ya kumnyima mwananchi. Sababu ziko katika kifungu cha 6 cha Sheria: usalama wa taifa, kuvuruga mwenendo wa haki, kuhatarisha uhai au afya ya mtu, kuingilia faragha pasipo sababu, kuumiza maslahi ya kibiashara, kudhuru uwezo wa serikali kusimamia uchumi, jambo ambalo uamuzi wake wa mwisho haujafikiwa, kesi iliyoko mahakamani, na siri za kitaaluma kama za wakili na mteja. Nje ya hizo huna pa kusimama.

Na hata ukiwa ndani yake, onyesha madhara. Mwambie mkubwa wako, kwa heshima na kwa dokezo lililo ndani ya faili, mambo matatu: ukurasa gani, utamdhuru nani, kwa njia gani. Asipoweza kujibu hayo, hana sababu. Mkumbushe uamuzi uliotolewa hapa hapa Mombasa. Mei 2022 Mahakama Kuu iliamua kesi ya Khelef Khalifa na Wanjiru Gikonyo, waliokuwa wamenyimwa mikataba ya reli ya SGR. Hoja ya masharti ya usiri ndani ya mikataba haikusimama. Mahakama iliona haki ya Kifungu cha 35 imevunjwa ikaamuru nyaraka zitolewe. Mkataba hauwezi kuandikwa ukaishinda Katiba. Kingine: manufaa ya umma yakizidi madhara, mahakama inaweza kuamuru habari itoke hata kama iko kwenye orodha ile, na matumizi ya fedha za umma ni katika mambo ambayo Sheria yenyewe imeyataja.

Mara chache sana faili zima huzuiliwa. Linaloangukia kifungu cha 6 ni sentensi, safu ya bei, nambari ya simu. Linganisha barua hizi mbili. Ya kwanza: "Tunasikitika kukuarifu kwamba habari ulizoomba ni za siri." Ya pili: "Faili lina kurasa 41. Tunakupa kurasa 38. Kurasa 3, za 17 hadi 19, zina mchanganuo wa bei ambao mkandarasi alitukabidhi kwa ajili ya zabuni nyingine isiyofungwa. Kuutoa sasa kutawapa washindani bei zake, kwa hiyo tumeuzuia chini ya kifungu cha 6(1)(e). Usiporidhika, una siku 30 za kuomba Tume ya Haki ya Utawala, yaani Ombudsman, ikague uamuzi huu." Ya pili mtu anaweza kuibishia, na ndiyo maana ni halali. Ya kwanza imemfungia mlango bila hata kumwonyesha kitasa.

Agizo la kuandika ya kwanza likibaki palepale, liombe kwa maandishi. Na lolote litakaloamuliwa, karatasi zisiguswe: kubadilisha, kuficha au kuharibu rekodi baada ya ombi kufika ili isitolewe ni kosa linalomfikia hata aliyetumwa.

Tunaziba majina kwa kalamu nyeusi kisha tunaskani. Kuna ubaya? Na faili za Excel je? — Mtunza rekodi, Changamwe

Upo, na hapa ndipo ofisi nyingi zinapoumbuka, basi vumilia jibu refu kidogo.

Kalamu ya kawaida haizibi. Ukiinua karatasi kwenye mwanga, au ukiongeza ung'avu wa picha iliyoskaniwa, maandishi ya printa hujitokeza chini ya wino. Mkitaka kutumia karatasi, toeni nakala, bandikeni ukanda wa karatasi usiopenya mwanga juu ya maneno, toeni nakala ya nakala hiyo, kisha skanini ile ya mwisho. Ile ya asili isiguswe kamwe; inarudi kwenye faili na folio yake.

Kwenye kompyuta kosa kubwa ni kuchora kisanduku cheusi juu ya maneno kisha kuhifadhi kama PDF. Kisanduku kimekaa juu, maneno yako chini yake salama salimini. Yeyote akichagua mstari, akanakili na kubandika kwingine, atayasoma. Tumieni programu yenye zana maalumu ya kufuta maneno ndani ya PDF, au chapisheni ukurasa uliozibwa kwenye karatasi na kuuskani upya kama picha. Kisha jaribuni: fungueni faili la mwisho, tafuteni jina lililozibwa, nakilini ukurasa mzima mkaubandike kwenye hati tupu. Jaribio hilo lifanywe na mtu asiyekuwa yule aliyeziba. Aliyeziba huona anachotarajia kuona.

Excel ndiyo yenye hatari kuliko zote. Safu iliyofichwa, karatasi ya pili iliyofichwa, jedwali la muhtasari linalobeba data yote nyuma yake, maoni ya pembeni, jina la aliyeandika: vyote husafiri na faili. Agosti 2023 polisi wa Ireland Kaskazini walijibu ombi la habari lililotaka idadi ya wafanyakazi tu kwa kila cheo. Faili walilotoa lilikuwa na karatasi iliyofichwa yenye majina ya ukoo, vyeo na vituo vya wafanyakazi wote 9,483. Watu ambao usalama wao ulitegemea kutojulikana walianikwa kwa kosa la kutofungua karatasi moja. Mwaka 2024 mamlaka ya kulinda data ya Uingereza iliwatoza faini ya pauni 750,000.

Kwa hiyo usitume kamwe faili lilelile lililotumika kukokotoa. Fungua faili jipya, bandika thamani tu bila fomula, lihifadhi kama CSV, aina ya faili la maandishi matupu, kisha lifungue tena ulisome lote. CSV haina pa kuficha: ina karatasi moja na kinachoonekana ndicho kilichomo. Mwombaji akitaka Excel, igeuze kutoka kwenye CSV hiyo.

Juu ya kila pengo andikeni kifungu kilichotumika. Msomaji asione weusi mtupu, aone "6(1)(d), faragha" pembeni yake. Na majina ya maafisa waliotia sahihi malipo kwa vyeo vyao si faragha. Kinachozibwa ni nambari ya kitambulisho, simu binafsi, makaazi na hali ya afya.

Nyingi ya barua tunazopata si maombi ya habari, ni malalamiko kwa mkuu wa idara. Tuna kiolezo cha jibu: "Barua yako imepokewa na suala lako linashughulikiwa." Watu wanakasirika. — Afisa wa mawasiliano, Kisauni

Wana haki ya kukasirika, kwani barua hiyo haina habari hata moja. Inashughulikiwa na nani, mpaka lini?

Kwanza zitenganisheni. Malalamiko mengi yana ombi la habari tumboni. Mama anayeandika kwamba taka hazijazolewa mtaani kwake wiki tatu, "na tungependa kujua kandarasi hiyo kapewa nani", ameleta vitu viwili: lalamiko, na ombi lenye siku 21. Lazima ligawanywe, lipewe nambari mbili za kumbukumbu, na barua ya kwanza imwambie hivyo.

Jibu la lalamiko lenyewe liwe ukurasa mmoja. Aya ya kwanza irudie tatizo kwa maneno yake yeye, ili ajue imesomwa. Ya pili iseme mlichokuta: nani alikwenda, siku gani, aliona nini. Ya tatu iseme kitakachofanyika na tarehe, au kwamba hakitafanyika na kwa nini. Ya mwisho iwe na cheo na simu ya mtu wa kumfuata. Aliyeandika Kiswahili ajibiwe Kiswahili, kilichoandikwa tangu mwanzo kwa Kiswahili. Rasimu ya Kiingereza iliyogeuzwa haraka humfikia mtu wa Pwani ikiwa imekauka. Ondoeni "kwa mujibu wa rejea ya hapo juu" na "hatua mwafaka zitachukuliwa". Salamu iwepo, na mzee aitwe mzee. Hilo halipunguzi urasmi wa ofisi.

Afisa wetu alijadili zabuni kwenye WhatsApp ya simu yake. Ni rekodi? — Masjala, Nyali

Sheria inasema habari ni rekodi zote taasisi inazoshikilia, bila kujali umbo, chanzo au tarehe. Mazungumzo ya kazi ni ya kazi hata yakiwa kwenye simu ya mtu. Mwandikieni ayatoe kwa kipengele cha kuhamisha mazungumzo, si kwa picha za skrini zinazochaguliwa, yachapishwe na kupewa folio. Ya familia yake yaacheni. Kwa siku zijazo, uamuzi wowote uliofikiwa kwenye simu uingizwe kwenye faili kwa dokezo ndani ya siku moja.

Mimi si mfanyakazi wa serikali. Nimengoja siku 40 bila jibu, na kila nikienda naambiwa "njoo kesho". — Mkaazi wa Likoni

Pole dada. Ukimya huo kisheria ni kukataliwa, na una siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo ina ofisi hapa Mombasa. Usizimalize ukingoja kesho. Peleka nakala ya ombi lako lenye muhuri wa kupokea, na kama hukupewa muhuri, baruapepe uliyotuma au risiti ya posta. Orodhesha tarehe ulizokwenda na cheo cha aliyekujibu. Andika sentensi moja ya unachotaka Tume iamuru, kwa mfano: "Nipewe nakala ya hati za malipo za mradi wa maji wa mtaa wangu, mwaka wa fedha 2023/2024."

Kama unachotafuta ni rekodi zako mwenyewe, tumia badala yake Sheria ya Kulinda Data ya 2019, ambayo kanuni zake zinampa anayeshika data siku saba kukuonyesha, bila malipo.